Gesi ilitoka wapi? Kisa cha chai baridi iliyogoma kwenye sendofu Tukuyu

Familia ya bibi harusi ni watu wa kanisani, kwa hiyo sharti la kwanza kutajwa kwenye kikao cha kamati ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi, lilikuwa hakuna pombe ukumbini, hata ile ya kufichwa chini ya meza. Sharti la pili alilitoa bibi harusi mwenyewe. Hakutaka wageni wapokelewe kwa soda za kreti kama kila sherehe. Alitaka kinywaji kimoja cha kwao, chenye rangi ya kuvutia na povu kidogo, ambacho watu watagongesha glasi mshereheshaji atakapoita, mahali ambapo wengine hufungua shampeni. Tukuyu imezungukwa na mashamba ya chai, naye akasema basi iwe chai: chai ya barafu yenye pasheni, nanasi, limau na mnanaa, ichanganywe na soda wota.

Kazi alipewa mpishi mwenye jiko Soweto, Mbeya mjini. Anasifika kwa pilau na vitafunwa. Vinywaji kwa kawaida huwaachia wengine. Mimi huwasaidia wasindikaji wadogo wa juisi na jemu, na Jumatatu baada ya shughuli aliniita nione kilichobaki. Ameniruhusu nieleze kisa chake mradi nisimtaje.

Mambo yalikwenda hivi. Alhamisi jioni alichemsha lita 20 za maji, akamwaga pakiti mbili za gramu 250 za majani ya chai, akaacha sufuria itokote karibu nusu saa, kama anavyofanya akipika chai ya maziwa. Matunda yaliingia kwenye blenda: pasheni na mbegu zake, nanasi, limau pamoja na maganda, na mnanaa mkono mzima. Akachuja kwa chujio la chai, akasubiri chai ipoe, akachanganya na kutia sukari. Sehemu kubwa ilipata nafasi kwenye friza ya jirani. Iliyobaki ilijazwa kwenye chupa za plastiki za lita moja na nusu, zikafungwa kwa nguvu na kulazwa stoo. Ijumaa usiku alitoa ndoo kwenye friza, akazimiminia soda wota, akafunika. Jumamosi asubuhi vyote vilipakiwa kwenye pikapu, wakashika barabara ya Uyole kwenda Tukuyu.

Ukumbini glasi zilijazwa, na ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya maji ya mto wakati wa masika. Povu hakuna. Mzee mmoja ambaye anapeleka majani mabichi kiwandani tangu ujana wake aliinua glasi kuelekea dirishani, akaitazama, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii mmetia maziwa?" Aliyeonja alikunja uso kwa uchungu. Mpishi akaagiza sukari iongezwe moja kwa moja kwenye ndoo. Sukari ilipogusa kinywaji, povu lote lililokuwa limejificha likapanda kwa mkupuo, likamwagika sakafuni, na baada ya hapo ndoo ikawa na juisi iliyolala kabisa.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kuhudumia alipofungua chupa ya stoo. Ilitoa mlio ambao meza nzima iliusikia. "Mama, kumbe hizi ndizo zenye gesi! Tuwape hizi!" Akamimina, na kweli, vipovu vidogo vidogo vikapanda kwa mstari kama inavyotakiwa. Mpishi mwenyewe anakiri kwamba moyo ulimruka kwa furaha. Kilichomwokoa ni shangazi wa bibi harusi, mzaliwa wa Njombe, aliyeinusa glasi kabla ya kuinywa. "Hii imeshaanza kuelekea kwenye ulanzi," akasema, akimaanisha pombe ya utomvu wa mwanzi. "Irudisheni kwenye gari." Wageni wakagongesha glasi kwa soda ya kreti.

Nilipofika Soweto, lawama zilikuwa zimeangukia majani ya chai. Mpishi alisema ni ya mwaka jana, jirani akasema ni ya bei rahisi. Nasema wazi kwamba majani hayakuwa na kosa lolote. Kulikuwa na matatizo manne tofauti ndani ya ndoo zile, na moja tu ndilo lingeweza kuharibu jina la mpishi kwa muda mrefu. Hilo ni la chupa zilizotoa mlio.

Soda wota haikuwahi kuingia kwenye chupa zile. Ilitiwa kwenye ndoo tu. Kwa hiyo swali la kuuliza pale ukumbini, kabla ya kufurahi, lilikuwa: hii gesi imetoka wapi? Jibu ni chachu. Ganda la nanasi na la pasheni hubeba chachu za asili, na yeyote aliyewahi kuacha maganda ya nanasi kwenye maji ya sukari anajua yanavyofanya. Chai ilikuwa imechemka, lakini matunda yaliingia mabichi ilipokwisha kupoa, kwa hiyo hakuna kilichoua chachu ile. Ikapewa sukari, ikapewa joto la stoo, ikapewa muda kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumamosi mchana. Wenyeji wa Iringa na Njombe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Utomvu wa mwanzi unaogemwa leo ukiwa mtogwa mtamu, kesho una habari nyingine, na hakuna aliyeutia hamira.

Chachu inapokula sukari hutoa gesi na kilevi kwa pamoja, na kwa uzito vinakaribiana sana. Haiwezi kukupa kimoja ikakunyima kingine. Hesabu yake inafanyika bila maabara. Lita moja ya soda ya kawaida hubeba gesi ya kati ya gramu 6 na 8. Ikiwa chupa ya chai ya matunda imepata gesi ya kiwango hicho kutokana na chachu peke yake, basi ina kilevi cha gramu kama hizo kwa kila lita, yaani kati ya asilimia 0.8 na 1 kwa ujazo. Ikiwa na nusu ya gesi hiyo, kilevi kinakaribia asilimia 0.5. Bia za kawaida huwa karibu asilimia 5, kwa hiyo hakuna ambaye angelewa. Lakini Marekani na Ujerumani, kwa mfano, asilimia 0.5 ndiyo mpaka wa kinywaji kinachouzwa kama kisicho na kilevi, na chupa zile zilikuwa zinaugonga au zimeshauvuka. Kwa familia iliyotangaza kikaoni kwamba pombe marufuku, mpaka huo wa asilimia hauna maana hata kidogo. Wao walitaka neno la mpishi liwe kweli.

Linalodanganya zaidi ni utamu. Kupata gesi ya kiwango cha soda, chachu inatumia sukari ya gramu 12 hadi 16 tu kwa lita, na kinywaji kile kilikuwa na sukari mara kadhaa ya hiyo. Ulimi unaona bado ni juisi tamu. Kinachotangulia kubadilika ni harufu, ndiyo maana shangazi aligundua na kijana hakugundua.

Mpishi aliniuliza kama chupa zilizobaki angeweza kuzichemsha zirudi kuwa juisi. Hapana. Kuchemsha kunaua chachu na kupunguza kilevi, lakini hakukimalizi, na ladha haitarudi. Friji nayo haiui chachu. Inaipunguza kasi tu. Tulizifungua nje, kifuniko kidogo kidogo, tukamwaga. Zingekuwa chupa za kioo ningekataa hata kuzigusa, kwa sababu kioo hakivimbi kikakuonya, hupasuka tu.

Tukaja kwenye ndoo, ambazo zilikuwa na tatizo la kinyume: gesi ya kununua, iliyolipiwa, ikapotea. Maji yanashika gesi zaidi kadiri yanavyokuwa baridi. Yakiwa nyuzi 20 yanashika karibu nusu tu ya kiasi yanachoshika yakiwa nyuzi 0. Ndoo zilitolewa kwenye friza Ijumaa usiku zikabaki jikoni hadi asubuhi. Kifuniko cha ndoo hakizuii mgandamizo, kwa hiyo kila gesi iliyopanda ilitafuta upenyo ikaondoka. Halafu zikasafiri kwenye zile kona, kinywaji kikicheza ndani. Tena huku juu hewa yenyewe ni nyepesi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam, hivyo kinywaji chenye gesi kikiachwa wazi hapa hulala mapema kuliko kule Pwani. Chembe za nyama ya matunda na baadaye punje za sukari zikamalizia kazi, maana gesi hupenda kujitengenezea vipovu juu ya vitu vyenye mikwaruzo. Lile povu lililomwagika ukumbini lilikuwa ndiyo gesi ya mwisho ikiaga.

Kwa maneno mengine, soda wota haitakiwi kukutana na chai mpaka mgeni ameshakaa kwenye kiti.

Ukungu nao ulikuwa na kisa chake, na huu ndio niliofurahia kuueleza. Mpishi alidhani ni uchafu wa majani. Nilichota kikombe kutoka kwenye ndoo moja ya chai tupu ambayo haikuchanganywa na matunda, iliyokuwa imebaki kwa jirani. Ilikuwa ya kijivu-hudhurungi, kama imetiwa tone la maziwa. Yule mzee hakukosea macho. Tukaimimina kwenye sufuria ndogo na kuiweka juu ya jiko la gesi, moto mdogo. Kabla hata haijaanza kutoa mvuke, ukungu ulianza kufunguka kutoka chini, na muda si mrefu tukaona chini ya sufuria, chai nyekundu inayong'aa. Tukaiweka pembeni ipoe na ukungu ukarudi. Uchafu haufanyi hivyo. Ni kafeini na vile vitu vinavyoipa chai ukali na wekundu wake: vikiwa kwenye maji ya moto kila kimoja hukaa peke yake, maji yakipoa hushikana na kuwa chembe zinazozuia mwanga. Chai inavyokuwa kali ndivyo ukungu unavyozidi, na yeye alitia gramu 25 kwa lita na kuzichemsha kwa muda mrefu, ilhali kikombe cha kawaida hutosheka na gramu 10 kwa lita au pungufu. Waonjaji wa chai huuhesabu ukungu huo kuwa dalili ya chai nzuri. Majani yaliyolaumiwa yalikuwa bora.

Uchungu ulikuwa na wazazi watatu: chai iliyochemka nusu saa, ngozi nyeupe ya limau, na mbegu za pasheni zilizosagwa. Mnanaa uliosagwa haukusaidia, kwani majani yake yakikatwakatwa hugeuka kahawia na kutoa ladha ya nyasi. Hapo sina la kuongeza.

Tulirudia pale pale jikoni kwake, kwa kipimo cha jagi moja la lita mbili, na kwa mpangilio mwingine kabisa. Chai haikupikwa. Tulichemsha maji, tukayaacha yapoe kabisa, tukatia gramu 20 za majani kwa kila lita, tukafunika na kuweka kwenye friji usiku kucha. Majani yanayouzwa madukani kwetu mengi ni yale ya chembechembe, na hizo hutoa rangi hata kwenye maji baridi. Ukali wake unatoka kidogo, kafeini pia, kwa hiyo ukungu hauna cha kujengea. Maji lazima yawe yamechemka kwanza kwa sababu katika njia hii hakuna moto mwingine wa kuua vijidudu, na friji lazima, si juu ya kabati. Asubuhi tulichuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kuchemshwa, maana chujio la chai linapitisha vumbi. Chai ilitoka nyekundu kama kito, na ukiweka kidole nyuma ya glasi unahesabu mistari yake.

Matunda yalikwenda kwenye shira. Nusu kilo ya sukari kwenye nusu lita ya maji, ikachemshwa na mashina ya mchaichai yaliyopondwa na vipande vya tangawizi. Juisi ya pasheni ilikamuliwa kwa mkono kwenye chujio ili mbegu zibaki nzima, ikapata kama mililita 400. Limau likakamuliwa bila ganda, mililita 100. Vyote vikaingia kwenye shira na kupashwa tena hadi karibu kuchemka, vikakaa hapo dakika chache, kisha chupa safi ikajazwa kikiwa bado cha moto na ikapozwa upesi. Moto huo ndio unaoua chachu ya ganda. Nanasi tuliliondoa kwenye mchanganyiko. Lilibaki vipande vya kuelea kwenye glasi, na hivyo hukatwa siku ile ile. Mnanaa haukupikwa wala kusagwa. Tawi hupigwa kofi moja kiganjani na kutiwa kwenye glasi, na harufu inafika puani kabla ya mdomo kugusa.

Kwenye jagi: chai mililita 700, shira mililita 300, vyote vimetoka kwenye friji, vikakorogwa hapo, kabla ya gesi kuingia. Halafu soda wota lita moja, baridi kama kinywaji chenyewe, inamiminwa taratibu kwenye ukuta wa jagi. Kijiko kirefu kinazamishwa na kuinuliwa mara moja, basi. Barafu inakwenda kwenye glasi, si kwenye jagi, nayo itengenezwe kwa chai ile ile ili ikiyeyuka isikizimue kinywaji. Sukari inakuwa karibu gramu 60 kwa lita, kama nusu ya soda nyingi za dukani. Mpishi aliona ni kidogo mno, binti yake akaona inatosha, na mimi nilikuwa upande wa binti.

Kwa wageni 120 wa glasi mbili mbili za robo lita, hiyo ni lita 60, yaani majagi 30. Chai iliyolowekwa ni lita 21, gramu 420 za majani, kwa hiyo zile pakiti mbili alizonunua zingetosha na zingebaki. Shira ni lita tisa. Soda wota ni lita 30. Kwa chupa za mililita 350 ni 86, ndani ya kreti nne. Kinachosafiri kutoka Mbeya ni chai na shira tu, lita 30, ndani ya vyombo vilivyozungukwa na barafu. Soda wota inanunuliwa Tukuyu kwenyewe na kulazwa kwenye mapipa ya barafu mapema. Jagi linachanganywa mshereheshaji anaposimama, na vijana watatu wanatosha. Watoto watengewe majagi ya mchaichai mtupu badala ya majani ya chai, vinginevyo wazazi watakuwa nao macho mpaka usiku wa manane.

Kuna ushauri mmoja ambao mpishi hakuupenda. Chupa zilimpa wazo la biashara: kujaza chai hii, kubandika lebo, kuisambaza madukani Mwanjelwa na Kabwe. Nilimwambia huo ni mlango mwingine. Kuhudumia shughuli kwa jagi lililochanganywa dakika ile ile ni kazi ya mpishi. Kuweka kinywaji cha matunda kwenye chupa kikakae rafuni ni kazi ya msindikaji, na hapo unahitaji usajili wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Unahitaji pia kipimo cha uchachu (pH), joto linalodhibitiwa wakati wa kujaza, na chupa zinazostahimili mgandamizo. Aanzie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji. Asianzie na chupa za maji zilizotumika, na asiandike "haina kilevi" kwenye lebo ya kitu ambacho hajui kitakuwaje baada ya wiki moja kwenye jua la dirisha la duka.

Kwa sasa ana oda nyingine, harusi ya Desemba huko Iringa, na wanataka pichesi kwa sababu ndio msimu wake unaanza. Pichesi likikatwa linageuka kahawia haraka, kwa hiyo vipande vyake vitalala kwenye maji ya limau mpaka dakika ya kutiwa kwenye glasi, na lile la kwenye shira litapikwa na kuchujwa mara mbili kwa sababu lina nyama nyingi ya kufukuza gesi. Safari ni ndefu kuliko ya Tukuyu. Nimemwambia aulize mapema kama ukumbi una friza inayofanya kazi, na asikubali jibu la simu. Amtume mtu akaifungue.